Moto, Moshi na Umeme: Majina ya Magari katika Historia ya Istilahi Zetu

Mfasiri anayekaa leo kuigeuza sheria yoyote ya barabarani iwe ya Kiswahili hukutana mapema na istilahi moja isiyompa taabu. Istilahi hiyo ni chombo cha moto. Imo katika mikataba ya bima, imo katika masharti ya leseni, imo katika mafunzo ya askari wa usalama barabarani na katika barua za halmashauri. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, kazi ya kutafsiri sheria imekuwa kubwa, na istilahi iliyokwisha kuzoeleka ni faraja kwa mtu mwenye kurasa nyingi mezani.

Hata hivyo, istilahi hiyo ilitiwa mashaka mbele yetu, wala si na mwanasheria. Tulikuwa Njoro, mojawapo ya kata za Manispaa ya Moshi, tukikusanya maneno ya mafundi wa magari. (Jina hilo liko pia Nakuru, nchini Kenya, tunayoisema hapa ni Njoro ya Moshi.) Mzee mmoja, fundi wa injini za dizeli kwa miaka mingi, alitusikiliza tukiwasomea vijana wake orodha yetu. Tulipofika kwenye magari ya umeme alituuliza: "Wanangu, hilo nalo mnaliandika chombo cha moto. Moto wake uko wapi?" Vijana walicheka. Sisi hatukuwa na jibu la papo hapo, na makala haya ni jaribio la kumjibu.

Swali la mzee yule si la mzaha. Ikiwa neno moto katika istilahi hiyo ni moto wa kuwaka, basi gari lisilochoma kitu laweza kudaiwa kuwa haliko ndani yake. Na likiwa haliko ndani yake, ni nani atakayelazimika kulikatia bima, na dereva wake atatakiwa kuwa na leseni ipi? Mtu mwenye kutaka kuikwepa sheria huanza kwa kushika neno. Kwa hiyo hapana budi tuitazame historia ya majina ya magari kwetu, tuone ni yapi yaliyodumu, ni yapi yaliyoachwa, na kwa sababu gani.

Kabla ya gurudumu

Kabla ya reli, njia za kwenda Kilimanjaro zilikuwa njia za misafara. Watu walitoka Pangani, Tanga na Mombasa wakiwa na mizigo kichwani na mabegani, wakapita nyika hadi Taveta na vilima vya Uchagani, ambako walipata maji na chakula. Safari ilipimwa kwa miguu ya wapagazi, na sehemu walipoitua mizigo iliitwa kituo, kutokana na kitenzi tua. Neno hilo halikutaja kifaa chochote. Lilitaja kitendo cha msafiri: kuweka chini alichobeba, kupumzika, kisha kuendelea.

Tunaomba msomaji alishike neno hili, kwa maana limepita katika mabadiliko yote yaliyofuata pasipo kubadilishwa. Reli ilipokuja tulipata kituo cha reli. Mabasi yalipokuja tulipata kituo cha mabasi. Petroli ilipoanza kuuzwa barabarani tulipata kituo cha mafuta, ingawa wananchi wengi wa Tanzania huita mahali hapo sheli, kwa jina la kampuni moja, hata kama pampu zilizopo ni za kampuni nyingine. Na sasa watu wanaoleta magari ya umeme hawajapata shida hata kidogo: wanasema kituo cha kuchaji. Mizigo haituliwi tena, lakini kituo kipo.

Moshi

Jina la moshi katika vyombo vya usafiri lilianzia baharini. Meli za mvuke zilipofika pwani yetu katika karne ya 19, watu waliokuwa wamezoea tanga na upepo waliziita merikebu za moshi, kwa kuwa moshi ndio ulioonekana kwanza kwenye upeo wa macho. Jina liliposafiri kwenda bara lilipanda reli. Neno gari, lililotoka Bara Hindi, lilikuwa tayari linatumika kwa chombo cha magurudumu. Likaungwa na moshi, likawa gari la moshi, na baadaye gari moshi.

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani, ikafika Moshi mwaka 1911, kiasi cha kilomita 350 kutoka pwani. Wapo wanaosema kwamba mji wa Moshi ulipata jina lake kutokana na moshi wa treni. Hilo si kweli. Moshi lilikuwa jina la utawala wa Rindi, maarufu kwa jina la Mandara, aliyekaa katika miteremko ya mlima, mahali panapoitwa leo Moshi ya Zamani, na ambaye alifariki mwaka 1891. Jina lilikuwapo miaka 20 kabla ya reli. Kilichofanywa na reli ni kuushusha mji: makazi mapya yalikua bondeni, palipowekwa stesheni, nayo yakachukua jina la pale juu.

Kwa sababu hiyo wakazi wa Moshi wanao utata ambao mahali pengine haupo. Gari la Moshi ni gari lolote linalokwenda Moshi, na gari la moshi ni treni. Katika maandishi herufi kubwa hututenganishia maana hizo mbili. Katika mazungumzo hakuna herufi kubwa. Mfasiri aliyekwisha kuandika ratiba au tangazo la redio anaujua ugumu huo. Neno treni halikuingia ili kuondoa utata wa mji mmoja, lakini mahali pamoja ambapo faida yake yaonekana mara moja ni hapo.

Katika miaka ya 1960 na 1970 injini za mvuke zilianza kupisha injini za dizeli. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, ilianza na dizeli moja kwa moja. Je, jina la gari moshi lilikufa? Halikufa. Dizeli nayo ilitoa moshi, tena mweusi, na hakuna mtu aliyeona haja ya kubadilisha. Neno treni liliendelea kupata nguvu polepole, lakini gari moshi lilibaki katika vitabu vya shule na vinywani mwa wazee.

Pigo lilikuja mwaka 2024. Mwezi Juni mwaka huo treni za abiria zinazoendeshwa kwa umeme zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwezi Julai zikafika Dodoma. Magazeti, watangazaji na abiria wote walisema treni ya umeme. Hatujasikia mtu aliyesema gari moshi la umeme, na kama angesema, wasikilizaji wangecheka kama walivyocheka vijana wa Njoro. Hapa pana funzo la kwanza. Jina la gari moshi halikuachwa wakati mvuke ulipokwisha. Lilishindwa pale lilipotakiwa kuwekwa bega kwa bega na neno linalolikanusha.

Moto

Gari dogo la kujiendesha lilikuja na jina lake la Kiingereza, likawa motokaa. Katika Uganda likawa mmotoka, na katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo ni motoka au mutuka. Kwetu Tanzania motokaa limekuwa neno la kizee. Gari, ambalo awali lilikuwa la mkokoteni na behewa, limechukua nafasi yote.

Ni vyema kukumbuka jinsi chombo hicho kilivyoingia nchini. Mwezi Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa akitaka kulivuka bara la Afrika. Alifika Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo, mwezi Mei 1909. Petroli yake ilibidi itangulizwe njiani na kuwekwa akiba, katika nchi ambayo mizigo ya bara ilikuwa bado inakwenda kwa vichwa vya watu. Motokaa ilihitaji vituo kabla ya kuhitaji barabara. Wale wanaosema leo kwamba gari la umeme haliwezi kufaa kwetu kwa kuwa vituo vyake havijaenea wanalisema jambo la kweli, lakini si jambo jipya.

Katika istilahi chombo cha moto, neno moto lasomeka kwa njia mbili. Kwanza, ni moto wa kuwaka: fundi husema tia moto gari, naye mwenye gari husema gari limewaka. Pili, ni lile moto lililo mwanzoni mwa motokaa, yaani jina la mtambo wa kusukuma. Sikio la Mswahili limeziunganisha maana hizo mbili kwa zaidi ya nusu karne pasipo kuziona zikigombana, kwa sababu kila mtambo wa barabarani uliosukuma gari ulifanya hivyo kwa kuchoma mafuta. Gari la umeme ndilo lililokuja kuzitenganisha.

Dizeli na watu wa mlimani

Kwa mtu wa Njoro, dizeli ni neno la kazi. Asili yake ni jina la mtu, Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyefaulu kuendesha injini yake mwaka 1897 na ambaye alipotea baharini mwaka 1913 akiwa njiani kwenda Uingereza. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Tofauti yake na injini ya petroli ni kwamba haihitaji cheche: hewa hubanwa mpaka ipate joto la kutosha kuyawasha mafuta yanapopulizwa ndani. Mafundi wamezigawa injini hizi kwa vifaa badala ya nadharia: ya petroli ina plagi, ya dizeli ina nozo. Mgawanyo huo ni sahihi kabisa, na haukutungwa na kamati yoyote. Tuongeze kwamba katika Kiswahili cha Kongo, ambako Kifaransa ndicho kilichokuwa mlango, dizeli huitwa mazutu. Mfasiri wa hati inayovuka mpaka ayaangalie hayo.

Milima iliipenda dizeli kwa sababu ina nguvu ya kuvuta mzigo katika mwendo wa polepole. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, waliounda chama chao mwaka 1925 na kukigeuza kuwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, walihitaji kuteremsha magunia kutoka vihambani hadi Moshi, na lori likawa sehemu ya uchumi wa kahawa. Baadaye yalikuja magari ya abiria, na hapa wananchi walionyesha uhodari wao wa kutaja. Magari madogo ya Ford yaliyobeba abiria Arusha na Moshi yaliitwa vifodi: jina la kampuni limevikwa kiambishi cha udogo na kuingizwa katika ngeli pasipo kuomba ruhusa. Yalifuata haisi, kosta na noa, na kwa upande wa mizigo fuso. Magari yenyewe yakibadilishwa, majina hubaki au huondoka kwa hesabu ambayo hatuwezi kuiongoza.

Mahali pengine watu walitaja kwa nauli. Kenya ilipata matatu, kwa senti 30 zilizolipwa kwa sarafu tatu za senti 10. Dar es Salaam ikapata daladala, kwa ile sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala. Wengine walitaja kwa matumizi: bodaboda ni chombo cha kuvusha watu mpakani kati ya Kenya na Uganda. Wengine walitaja kwa mlio: pikipiki. Na mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, yaliyoanza mwaka 2016, wananchi waliyaita mwendokasi, pasipo kujali yanakunywa nini.

Nauli ya senti 30 imekwisha zamani, na matatu bado ni matatu. Pikipiki za umeme zimo barabarani katika miji ya Afrika Mashariki; hazilii piki-piki, bali huvuma kidogo kama cherehani, nazo bado huitwa pikipiki. Hapa pana funzo la pili, nalo hulirekebisha la kwanza: neno haliachwi kwa kuwa asili yake imetoweka. Maadamu msemaji haisikii asili hiyo anaponena, neno ni zima. Katika gari moshi asili bado inasikika, kwa kuwa moshi ni neno la kila siku. Katika pikipiki imekwisha kuzama.

Umeme si mgeni

Baadhi ya waandishi hulizungumzia gari la umeme kana kwamba limezuka jana. Mwaka 1899 gari la kwanza kuzidi mwendo wa kilomita 100 kwa saa, lililoendeshwa na Mbelgiji Camille Jenatzy, lilikuwa la umeme. Katika miji ya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 magari ya umeme yalikuwa mengi, nayo yalipendwa kwa kuwa hayakuhitaji kuzungushwa kwa mkono yawake. Kilichoyashinda, pamoja na bei ya petroli na urefu wa safari, kilikuwa umeme wenyewe: mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilianza kuuza magari yenye mota ndogo ya kuwashia injini, iliyobuniwa na Charles Kettering. Mota hiyo ndiyo ile ambayo mafundi wetu huiita stata. Kwa hiyo kila gari la dizeli lililomo katika gereji za Njoro limebeba ndani yake mota ya umeme. Mzee wetu, ambaye hakuona moto katika gari la umeme, amekuwa akishughulika na umeme katika magari ya moto maisha yake yote.

Neno umeme lenyewe lilikuwa la angani. Ni ule mwanga wa ghafla wakati wa mvua, na hadi leo twasema umeme wa radi. Liliposhushwa na kutiwa katika nyaya lilifaulu mno, kiasi kwamba twalazimika sasa kuongeza maneno tukitaka kuutaja ule wa mawinguni. Lakini ndugu zetu wa Kenya hutumia pia stima, neno lililotokana na mvuke wa mitambo, ambalo kwa mzee wa pwani ya Tanzania ni meli. Hati ya Nairobi ikisema gari la stima, msomaji wa Tanga anaweza kufikiri habari ni ya bandari. Basi katika maandishi rasmi yanayokusudiwa kusomwa pande zote za mpaka, umeme ndilo neno la kushikwa, wala hatusemi hivyo kwa kuidharau lugha ya mtaani ya mtu yeyote.

Kuhusu kulisha gari, dalili ni njema. Watu wanaochaji simu kila siku wamekwisha kulizoea neno. Na katika nyumba zenye mita za LUKU watu hununua umeme, umeme huisha, na hujaza tena, kama dereva anavyojaza mafuta. Kuwasha na kuzima ni vitenzi vya taa na vya gari kwa pamoja, navyo havihitaji kubadilishwa. Kitakachoachwa pengine ni tia moto.

Mabadiliko hayo hayako mbali na mlima. Mwaka 2018 kampuni moja ya utalii ya kaskazini mwa Tanzania ilianza kutumia gari la mbugani linalokwenda kwa umeme. Nchini Kenya kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na kubadili jina kuwa Roam mwaka 2022, iligeuza magari ya dizeli ya mbugani kuwa ya umeme. Waongozaji husifu ukimya: gari hufika karibu na wanyama pasipo ngurumo.

Namna ya kusafiri, namna ya kulala

Twaja sasa kwenye jambo ambalo wafasiri wa vijitabu vya utalii hulikosea mara kwa mara, kwa kuwa wanatafsiri neno pasipo kutafsiri desturi. Nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini wana desturi ya mtu kuendesha gari lake mwenyewe pamoja na familia yake, akalala ndani yake au katika hema kando yake, kwa starehe tu. Baadhi yao hupita Moshi wakiwa katika magari yenye vitanda na jiko. Mfasiri mmoja aliandika gari la kambi. Tuliwasomea watu kadhaa wa Njoro maneno hayo, nao walidhani ni gari la jeshi au la wakimbizi.

Hawakukosea. Kwetu kambi ni mahali pa watu wengi wenye shughuli moja: askari, wanafunzi wa mafunzo, timu ya mpira kabla ya mashindano, wajenzi wa barabara. Kiongozi akikaa sana mahali twasema amepiga kambi. Starehe haimo katika neno hilo, isipokuwa mlimani na mbugani, ambako limejifunza maana hiyo kwa kazi. Hata huko, safari ni ya watu wengi. Katika njia ya Marangu wapandaji hulala katika vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo. Katika njia ya Machame hulala katika mahema, na mahema hayo hubebwa na wapagazi, ambao wao wenyewe huitana wagumu, kila mmoja akiwa na mzigo usiotakiwa kuzidi kilo 20. Mgeni huona kambi. Mgumu huona kituo, kwa maana yake ile ya kale.

Kwa gari lenye vitanda sisi tunapendekeza gari la kulala. Njia ya neno hilo imekwisha kufunguliwa na reli, ambayo abiria wake wanajua tofauti ya daraja la pili kulala na daraja la pili kukaa. Treni za abiria ziliporudi Moshi mwaka 2019, baada ya miaka mingi ya kutokuwapo, watu walikata tiketi za kulala pasipo kuuliza maana.

Desturi yetu ya barabara ni nyingine. Kila Desemba Wachaga wengi walioko Dar es Salaam na mikoani hurudi Kilimanjaro, na watani wao husema wanakwenda kuhesabiwa. Ni mwendo wa karibu kilomita 550, gari likiwa limejaa watu, magunia na zawadi, na nia ya kila dereva ni kufika siku hiyo hiyo. Hakuna anayelala njiani kwa kupenda. Husimama Korogwe au Mombo kwa chakula, na pengine mahali penye vichaka, kondakta anapotangaza kwamba ni wakati wa kuchimba dawa. Maneno hayo ya adabu hayamo katika kitabu chochote cha istilahi, na kila abiria anayaelewa.

Msomaji atauliza desturi hiyo inahusu nini istilahi za magari ya umeme. Inahusu hivi. Vijitabu vya nje vinavyoeleza kuchaji gari vimeandikwa kwa msafiri anayelala usiku huku gari likichaji. Mfasiri akivigeuza neno kwa neno atamwambia dereva wa Desemba afanye jambo asilolifanya. Afadhali aeleze kwa vituo vya safari: chaji Segera, chaji Same, muda wa kila kituo ni kiasi gani. Hayo yataeleweka, kwa maana ndivyo safari inavyohesabiwa.

Mambo ya kuamuliwa

Kutokana na historia hii twaona mambo matatu.

La kwanza ni chombo cha moto. Tunashauri istilahi hii iachwe ilivyo katika sheria na hati zote, na kwamba fasili yake, mahali inapotolewa, iseme wazi kuwa ni chombo kinachokwenda barabarani kwa nguvu ya mtambo, uwe wa petroli, dizeli, gesi au umeme. Tukiibadilisha leo kwa hofu ya neno moto, tutakuwa na hati za zamani zenye istilahi moja na za sasa zenye nyingine, na hapo ndipo mwenye kutaka kukwepa atakapopata mwanya. Kinachohitaji kurekebishwa ni fasili.

La pili ni nishati. Isiwe sehemu ya jina la chombo; iwe nyongeza baada yake. Gari la dizeli, gari la petroli, gari la gesi, gari la umeme: muundo huu hauna gharama, nao utapokea nishati yoyote itakayokuja. Mapendekezo ya kuunganisha gari na umeme kuwa neno moja tumeyasoma kwa heshima, lakini historia ya gari moshi yatutisha.

La tatu, ambalo ni la hatari zaidi, ni maneno ya fundi. Hapa ulegevu hauruhusiwi. Katika vijitabu viwili vilivyopita mezani kwetu, neno injini lilitumika kwa mtambo wa kuchoma mafuta na kwa mtambo wa umeme, na neno betri lilitumika kwa betri ndogo ya volti 12 na kwa betri kubwa inayosukuma gari, ambayo volti zake ni mia kadhaa. Mafundi wetu wamezoea kushika vichwa vya betri kwa mikono mitupu. Fundi akisoma "fungua betri" pasipo kuambiwa ni ipi, kosa la mfasiri laweza kumuua. Kwa hiyo tunapendekeza injini ibaki kwa kinachochoma, mota iwe kwa kinachozungushwa na umeme, kama mafundi wanavyosema tayari kuhusu mota ya wipa na mota ya pampu. Na betri zitajwe daima kwa kutofautishwa, betri ndogo na betri ya mwendo. Nyaya za umeme mkubwa, ambazo watengenezaji huzipaka rangi ya chungwa, zitajwe kwa rangi hiyo hiyo katika kila onyo.

Yaani tunaomba uangalifu wa namna mbili. Pale ambapo neno linataja jumla, tuliache lizoeleke na asili yake izame, kama ilivyozama ya pikipiki. Pale ambapo neno litasomwa na mtu aliyeshika spana, tulipime kwa kile atakachofanya mara baada ya kulisoma.

Na mzee wa Njoro tumjibu nini? Tulirudi kwake kabla ya kuondoka Moshi, tukamwambia kwamba moto wa gari la umeme ni ule ulio katika motokaa, na kwamba sheria itaeleza. Alifikiri kidogo akasema: "Basi andikeni hivyo. Lakini vijana wangu waambieni habari ya zile waya kwanza." Tumelitii agizo hilo kwa kuliweka jambo la tatu hapo juu kuwa refu kuliko mengine.

Wasomaji walio karibu na gereji, vituo vya mabasi na malango ya mlima tunawaomba watuletee maneno wanayoyasikia, pamoja na mahali yanapotumika na mtu wa kazi gani anayeyatumia. Walimu wa vyuo vya ufundi hasa watusaidie kuhusu betri na mota, kwa kuwa wanafunzi wao ndio watakaoyashika magari haya kabla ya sisi kumaliza kuyajadili.